Nani alipe siku kumi na nne za mtu aliyerudi?

Kuanzia Machi 23, 2020, msafiri aliyeingia Tanzania kutoka nchi zilizolemewa na corona alitakiwa kukaa karantini siku 14 kwa gharama zake mwenyewe. Amri ilikuja wiki moja baada ya Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, kumtangaza mgonjwa wa kwanza, Mtanzania aliyetua uwanja wa ndege wa Kilimanjaro akitokea Ubelgiji. Mgonjwa yule na amri ile vikakaa pamoja vichwani mwetu. Tukajenga picha ya mtu wa kutoka nje: ana tiketi ya ndege, ana sanduku la magurudumu, na ukimwambia akae hotelini wiki mbili atanung'unika kidogo kisha atalipa.

Sina ugomvi na zile siku 14. Kirusi kilikuwa kipya, chanjo haikuwepo, na kumweka kando kwa muda mtu aliyetoka penye maradhi ni jambo ambalo wazee wetu walilijua tangu enzi za ndui. Ugomvi wangu uko kwenye bili. Huku Kusini, mkoani Mtwara, bili ile ndiyo iliyoharibu kazi yote, kwa sababu sehemu kubwa ya mpaka wetu na Msumbiji ni mto Ruvuma, na mtoni hakuna dirisha la kulipia.

Anayeishi Kilambo au Kitaya ana shangazi upande wa Msumbiji, na pengine ana shamba huko pia. Mpaka waliuchora Wajerumani na Wareno. Wamakonde wakabaki pande zote mbili, wakaendelea kuozeshana na kuzikana. Kilambo kuna kivuko. Mtambaswala, wilayani Nanyumbu, kuna Daraja la Umoja lililofunguliwa mwaka 2010. Katikati ya hapo Ruvuma inavukwa kwa mtumbwi, na kiangazi maji yakipungua kuna mahali watu wanapita kwa miguu, nguo na viatu kichwani. Mfanyabiashara wa Mtwara anakwenda Palma na Mocímboa da Praia kama mwenzake wa Lindi anavyokwenda Kariakoo. Kijana mwenye safari ndefu anapitia huko huko kuelekea Afrika Kusini, kunyoa watu Durban au kupanga bidhaa barabarani Johannesburg. Kwenye makongamano ya diaspora huyu haalikwi. Wanaalikwa madaktari wa Uingereza na wahasibu wa Marekani, nao wanastahili, ila wakirudi wanarudi kwa njia ambayo serikali inaiona.

Fikiria hali ya kijana yule wa Durban. Usiku wa Machi 26, 2020, Afrika Kusini ilifunga shughuli zake kwa amri iliyosimamiwa na polisi na jeshi. Kinyozi haruhusiwi kunyoa, mchuuzi haruhusiwi kupanga. Kodi ya chumba haikusimama. Misaada ya mwanzo ililenga raia wa kule, na yeye karatasi zake zina matatizo, kama anazo. Kurudi nyumbani kunampitisha Msumbiji, iliyotangaza hali ya hatari kuanzia Aprili 1. Akifika Cabo Delgado anakuta mkoa wenye vita tangu Oktoba 2017, na mwezi ule ule wa Aprili kambi ya mradi wa gesi wa Afungi, karibu na Palma, ndiyo ilikuwa kitovu cha kwanza kikubwa cha maambukizi nchini humo. Kampuni ya Total, yenye mradi huo, ilikuwa na uwezo wa kupunguza wafanyakazi kambini na kuwapima waliobaki. Mpita njia hakuwa na kampuni.

Mmoja alifika mtaani kwetu Mikindani mwanzoni mwa mwezi wa tano. Ilikuwa Ramadhani. Adhana ya magharibi ilishatoka, watu wako kwenye futari, mama yake amekaa uani anamimina uji wa pilipili manga, mlango wa nyuma ukasukumwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Akainua taa. "We! Ndiyo wewe? Simama hapo hapo mwanangu, usisogee kwa bibi."

Yule mama alilia baadaye. Kwanza alimtuma mtoto akamwite kaka yake, maana kwetu neno la mjomba ndilo linalomaliza mambo ya namna hii. Mjomba akaja na kofia yake ya tarawehe, hakukaa, akatoa maagizo akiwa amesimama. Kijana alale kwenye banda la uani linalowekwa magunia msimu wa korosho. Sahani yake iwe yake, kikombe kiwe chake, vioshwe mbali. Chakula kiwekwe juu ya kigoda, aliyekileta aondoke, ndipo yeye atoke akichukue. Nguo alizovaa zilowekwe kwa sabuni ya unga usiku ule ule. Bibi asalimiwe kwa sauti kutoka kwenye mwembe. Mwisho akaongeza agizo moja lililonifanya niandike makala hii: "Na watu wakiuliza, umetoka Dar. Sauzi usiitaje."

Hebu tazama alichokifanya mjomba yule, mtu asiyewahi kukaa semina ya afya hata moja. Amemtenga mgeni, ametenganisha vyombo, amemkinga mzee, ameweka mfumo wa kupeleka chakula bila kugusana. Karantini hiyo ilikuwa kamili kuliko baadhi ya zile za hotelini nilizosikia habari zake, ambako watu walikuwa wanatembeleana vyumbani kucheza karata. Na papo hapo ameificha kwa mtendaji, kwa mwenyekiti wa mtaa, na kwa muuguzi wa zahanati. Hakuificha kwa kutojali maradhi, maana angekuwa hajali asingemlaza mpwa wake bandani. Aliificha kwa sababu alivyoisikia amri, kusema ukweli kungeleta gari la kumchukua kijana, na nyuma ya gari ingefuata bili, na bili ingeshukia korosho zake yeye mjomba.

Uongo ule ulikuwa na kazi yake. Kijana mzima, mwezi wa Ramadhani, haonekani msikitini: majirani waliuliza. Siku ya kwanza amechoka na safari, ya pili amechoka na safari, halafu ikawa ana kazi shamba. Mtu akijificha hivyo, hata akianza kukohoa kweli hatapelekwa hospitali mapema, maana kwenda hospitali ni kuanika na ule uongo. Bahati yake hakukohoa.

Kilichonishangaza, nilipokuja kuzisoma Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, ni kwamba jambo hili lilishafikiriwa. Kanuni hizo zilianza kutumika Juni 2007, na Tanzania imo. Ibara ya 40 inasema nchi isimtoze msafiri gharama za kumpima ili kulinda afya ya umma, wala gharama za kumtenga au kumweka karantini, isipokuwa anayekuja kuomba ukaazi. Ibara ya 32 inataka aliyewekwa karantini apewe chakula, maji, malazi na matibabu, na aheshimiwe utu wake. Waliokaa mezani kuandika hayo walijua kwamba mtu akitozwa kwa kusema ukweli atajifunza kutousema.

Corona ilipokuja, Ibara ya 40 ilivunjwa karibu kila kona, na kwa haki lazima niseme hatukuwa peke yetu. Kenya nayo iliwaweka wasafiri karantini kwa fedha zao. Uingereza, kuanzia Februari 15, 2021, ilitoza pauni 1,750 kwa mtu mmoja aliyetoka nchi za orodha nyekundu, na Tanzania ilikuwemo kwenye orodha hiyo. Nchi tajiri kiasi kile inashindwa kulisha watu wake siku kumi hotelini? Hapana. Iliitaka bei iwatishe watu wasisafiri. Huenda bei inamtisha anayesafiri kwa matembezi. Anayerudi kwa sababu ameishiwa haitishiki naye, anabadilisha njia tu.

Najua jibu la watu wa hazina: serikali haikuwa na fedha za kuwalaza wote, na aliyetoka Dubai na mizigo ya biashara kwa nini alipiwe na mkulima wa Nachingwea? Nusu ya hoja hiyo naikubali. Lakini ilijengwa juu ya hoteli. Mtu wa Nanyamba hahitaji hoteli. Anahitaji pa kulala pasipo na bibi, unga, dagaa, sabuni, maji, na mtu wa afya wa kupita kumwangalia. Maji peke yake ni suala, hasa kwa wenzetu wa juu kule Newala na Tandahimba, ambako ndoo inanunuliwa au inafuatwa bondeni. Mwaka ule tuliambiwa tufunge vibuyu chirizi vya kunawia mikono kila mlango, tukafunga. Vingi vilikaa vikavu, na sijui kama kuna aliyetumwa kuviangalia baada ya kupigwa picha.

Kuna hesabu nyingine ambayo mijini hawaioni. Mwezi wa tano hadi wa nane mkulima wa korosho yuko kwenye kupulizia salfa, na minada haianzi mpaka Oktoba. Ni miezi ya kutoa bila kuingiza. Nyumba yenye mtoto nje hutegemea kile kidogo anachotuma kwa simu ili kununua mifuko ya salfa na kumlipa mwenye pampu. Mtoto akikwama, hela haiji. Akirudi, hela haiji na mdomo umeongezeka. Mikorosho isiyopata salfa kwa wakati inashambuliwa na ugonjwa wa ubwiriunga, maua yanakauka, na hasara inakuja kuonekana kwenye mzani wa chama cha msingi miezi sita baadaye, ambapo hakuna tena anayeihusisha na corona. Nyumba ya namna hiyo ndiyo iliyotakiwa kulipa na siku 14 juu yake.

Na kupimwa? Mwanzoni mwa 2020 maabara iliyokuwa ikipima ilikuwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara mjini. Aliyetaka kujua hali yake asubuhi akiwa Masasi alikuwa anaota. Takwimu za mwisho zilitolewa kati ya mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei 2020, jumla ikaishia kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, kisha kimya. Mei 18 anga likafunguliwa na sharti la karantini likaondolewa. Kwa kijana wa bandani hiyo ilikuwa nafuu, angeweza sasa kutoka mchana. Kwa mjomba wake ilikuwa mtihani mpya, kwani kuanzia hapo kila mzee wa familia alikuwa waziri wa afya wa nyumba yake, bila namba yoyote ya kumsaidia kuamua. Wapo waliofukiza nyungu, wapo waliofunga wazee ndani, wapo waliosema limekwisha. Mwanzoni mwa 2021 watu walipoanza kuzikwa kwa wingi wakitajwa "changamoto ya kupumua", walioko nje wakawa wanatuuliza sisi, nasi tunawauliza wao.

Niwakumbuke na wale waliorudi kwa sanduku la magurudumu, maana nao hawakuepuka. Wuhan ilifungwa Januari 23, 2020, mamia ya wanafunzi wa Kitanzania wakiwa ndani ya jiji hilo na mkoa wake, na serikali ikaamua wabaki huko huko. Uamuzi ule ulilaumiwa. Mimi naona ulikuwa na mantiki yake kiafya, ingawa wazazi waliokuwa wanaangalia ndege za mataifa mengine zikichukua watoto wao huwezi kuwapa hotuba ya mantiki. Walioumia muda mrefu zaidi ni wenzao waliokuwa wamekuja likizo. Machi 28, 2020, China ilizuia wageni kuingia hata wenye viza. Wanafunzi walianza kupewa viza tena Agosti 2022. Miaka miwili na zaidi, mwanafunzi wa udaktari anasoma mwili wa binadamu kwenye simu, chumbani kwa wazazi. Kipindi cha saa mbili asubuhi huko, kwetu ni saa tisa usiku. Bando likiisha katikati, wakala amelala. Umeme ukikatika, na katika mkoa unaotoa gesi ya Mnazi Bay umeme ulikuwa unakatika sana tu, ndiyo basi mpaka kesho. Mtaani wanamwona amelala mchana, wanasema mtoto wa fulani China imemshinda.

India hali ilikuwa ya haraka zaidi. Machi 24 usiku walitangaziwa kwamba baada ya saa nne nchi inafungwa. Wagonjwa wetu waliokwenda kwa figo, moyo na saratani walikwama pamoja na ndugu waliowasindikiza, dawa zinaisha na fedha zimekwisha, mpaka Air Tanzania ilipotuma ndege mwezi wa tano. Ndege ile ni mfano ninaoutaka: serikali ikiamua kumfuata mtu alipo, inaweza.

Turudi mtoni, kwani huko kuliongezeka jambo ambalo Dar es Salaam halikuwepo. Agosti 2020 wapiganaji wa ile vita ya Cabo Delgado waliiteka bandari ya Mocímboa da Praia. Oktoba 14 wakavuka Ruvuma na kushambulia Kitaya, upande wetu, wakaua na kuchoma nyumba. Machi 24, 2021 ikawa zamu ya Palma. Baada ya Kitaya, aliyetoka ng'ambo alikuwa na maswali mawili ya kujibu: una ugonjwa, au una bunduki? Ulinzi ulikuwa wa lazima, na anayeishi Shangani, Mtwara mjini, kwa amani asiwafundishe watu wa Kitaya namna ya kuogopa. Lakini swali la kwanza likamezwa na la pili. Mama wa Kimakonde aliyekimbia risasi na watoto wawili hakupita mbele ya muuguzi, alipita mbele ya askari. Mfanyabiashara wa Kitanzania aliyekimbia Palma akiwa ameacha mtaji wake wote alijua kwamba kutaja alikotoka ni kuanza mahojiano. Naye akatoka Dar, kama mpwa wa yule mjomba. Kwa miezi kadhaa, kwa maneno ya watu wenyewe, hakuna aliyekuwa ametoka Msumbiji.

Ndipo hoja yangu inapokamilika kwa upande wa Kusini. Ukimtoza mtu anayerudi, au ukamfanya kila anayeandikishwa aandikishwe kama mtuhumiwa, unapoteza ile habari pekee inayohitajika wakati wa maradhi, yaani mtu huyu katoka wapi na lini. Kipima joto cha kwenye lango hakiwezi kuirudisha.

Mambo haya hayajapita. Marburg ilitokea Kagera Machi 2023, ikarudi Januari 2025. Machi 2025 tulitangaziwa wagonjwa wawili wa mpox, mmoja wao dereva wa gari la mizigo aliyetoka nchi jirani. Shirika la Afya Duniani liliondoa tangazo la dharura ya corona Mei 5, 2023, na nchi wanachama zimeshapitisha mkataba mpya wa magonjwa ya mlipuko Mei 2025. Kwenye karatasi tuko vizuri.

Kijijini tuna nini? Tunazo kamati za maafa, ambazo sheria ya usimamizi wa maafa ya mwaka 2022 inazishusha hadi ngazi ya kijiji. Tunaye mtendaji mwenye daftari la wakazi na wageni. Tunao wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Tunao kina mjomba. Na tunao ushuru wa korosho, asilimia 3, unaoingia halmashauri kila msimu na ambao matumizi yake mara nyingi tunayasikia baada ya kwisha. Naomba halmashauri za mpakani, Mtwara Vijijini, Nanyamba, Tandahimba, Newala, Nanyumbu, zitenge humo fungu dogo lenye jina lake: chakula, sabuni na maji ya wiki mbili kwa mtu yeyote atakayejiandikisha kuwa amerudi kutoka penye mlipuko, bila kuulizwa pasipoti, na muuguzi wa zahanati ndiye amwandikishe, askari akae meza yake. Anayetaka hoteli alipie hoteli yake.

Bajeti hupitishwa kabla ya Julai. Mkutano mkuu wa kijiji unaruhusiwa kuuliza, na kwa kawaida mwisho wa mkutano kuna kipengele cha mengineyo ambacho watu hukitumia kulalamikia mbuzi wanaozurura mashambani. Safari hii muulizeni mtendaji: akija mtu usiku kutoka ng'ambo akasema ukweli, una nini cha kumpa?